Ipimeni Mbele Yake

Barua ya wazi kwa masonara na wanunuzi wa dhahabu wa Mji Mkongwe

Kwenu masonara, wenye maduka ya vito na wanunuzi wa dhahabu kuukuu, kuanzia Darajani na Mkunazini hadi Gizenga na Shangani.

 

Nakuandikieni kwa ajili ya mtu mmoja tu katika biashara yenu, naye ni mwanamke anayeingia dukani kuuza. Anayenunua mnamjua vizuri. Mnamvutia kiti, mnamtandazia vidani juu ya kitambaa cheusi, mnampa kioo ajitazame. Anayeuza hupita mlango huohuo lakini hapokelewi hivyo. Mara nyingi huja asubuhi mapema au baada ya Alasiri, peke yake, bangili zake amezifunga katika kifundo cha leso. Ana mgonjwa hospitali ya Mnazi Mmoja aliyeandikiwa kwenda Muhimbili, au mtoto aliyezuiwa mtihani kwa kudaiwa ada, au mume amefariki na nyumba ina midomo ya kulishwa. Anaona haya, kwa sababu kwetu Unguja mwanamke akionekana anauza dhahabu ya mahari yake, mtaa mzima hujua kwamba mambo yamemfika shingoni. Kwa haya hiyo haulizi kitu. Mnazichukua bangili, mnaingia nazo chumba cha nyuma, mnarudi na bei. Anapokea, anafunga pesa katika leso ileile, anaondoka.

Ninachokuombeni ni kwamba kabla hamjataja bei mumwambie mambo matatu, kwa sauti, na mali yake ikiwa mbele ya macho yake: uzito kwa gramu, karati, na bei ya gramu ya dhahabu siku hiyo. Kisha muyaandike yote matatu katika karatasi mumpe, auze asiuze. Na akikuleteeni sarafu za zamani, msizitie kwenye mizani kabla hazijatazamwa na anayezijua.

Sisemi kwamba nyote mnadhulumu. Nimekaa katika duka la mzee mmoja wa kazi hii nikamsikia akimwambia mteja wake, "Mama, hii si karati 18 kama ulivyoambiwa, hii ni 22, usikubali bei ya 18 popote." Angeweza kunyamaza na yule mama asingejua mpaka kufa kwake. Kwa hiyo najua kwamba ninachokiomba kinawezekana, na kipo tayari katika baadhi ya maduka. Nataka kiwe desturi ya mji, kisiwe bahati ya mtu kuangukia mlango mwema.

Nianze na mizani. Wengi wenu sasa mnatumia mizani ya umeme inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, na hilo ni jema. Ila mizani hiyo ikielekezwa upande wa mwenye duka, mwenye mali hasomi kitu. Igeuzeni. Kama bangili ina mawe, ni haki yenu kutoa uzito wa mawe. Kama ni bangili ya wazi ndani iliyojazwa nta au ulimbo, ni haki yenu kutolipa ulimbo kwa bei ya dhahabu. Lakini fanyeni hesabu hiyo mbele yake, na mawe mliyoyachomoa mumrudishie mkononi, kwa maana ni yake.

Wapo bibi zetu ambao bado wanahesabu kwa tola. Tola moja ni gramu 11.66, uzito uleule wa rupia ya fedha ya Kihindi iliyotumika hapa kabla ya shilingi. Bibi akisema bangili zake sita zilikuwa tola tano wakati anaolewa, anasema gramu 58 na kidogo. Dhahabu huliwa kwa kuvaliwa, tena karati 22 ni laini, kwa hiyo mizani ikionyesha 57 si ajabu. Ikionyesha 50, ana haki ya kuuliza, na jibu lipatikane palepale penye mizani.

La pili ni karati, na hapa ndipo watu wengi hupotea, hata waliosoma. Dhahabu safi ni karati 24. Karati 22 maana yake sehemu 22 katika 24 ni dhahabu na zilizobaki ni shaba au fedha iliyochanganywa ili kuipa ugumu, ndiyo maana hupigwa muhuri wa 916, yaani sehemu 916 katika elfu. Karati 21 ni 875, karati 18 ni 750, karati 14 ni 585, karati 9 ni 375. Dhahabu iliyokuja na ndugu zetu kutoka Maskati na Dubai kwa kawaida ni 21 au 22. Ile iliyotoka Ulaya huwa 18, na nyingine hushuka mpaka 9. Lakini kazi nyingi za kale zilizofuliwa hapahapa Mji Mkongwe na mafundi wa Kihindi hazina muhuri wowote, au muhuri umefutika kwa miaka hamsini ya kuvaliwa. Na muhuri wenyewe ni alama tu iliyogongwa, mtu mwongo anaweza kugonga anachotaka. Kwa hiyo lile jiwe lenu jeusi la kusugulia na tindikali yake ndivyo vya kuaminiwa kuliko muhuri, au ile mashine ya miale kwa aliyejaaliwa kuwa nayo. Mwanamke huyu hajawahi kuliona jiwe hilo likifanya kazi. Msugulieni bangili yake hapo juu ya meza, mumwonyeshe mstari wa njano unavyobaki au unavyofifia, na mstari wa sindano ya mfano, yenye karati inayojulikana, ukiwa ubavuni. Ni kazi ya dakika mbili. Baada ya hapo hata bei ikiwa ndogo kuliko alivyotumaini, ataondoka akijua kwa nini.

Tufanye hesabu moja pamoja. Bangili ya gramu 20 ya karati 21 ina dhahabu safi gramu 17 na nusu. Tukisema gramu ya dhahabu safi ni shilingi 300,000, dhahabu iliyomo ni ya shilingi 5,250,000. Bangili hiyohiyo ikiitwa karati 18, dhahabu yake inakuwa gramu 15, na thamani inashuka mpaka 4,500,000. Neno moja lililotamkwa vibaya, kwa kukosea au kwa makusudi, limemwondolea mgonjwa wa Muhimbili shilingi 750,000.

Na hiyo bei ya gramu ndiyo ya tatu, nayo ndiyo inayoniuma kuliko zote. Bei ya dhahabu duniani hutajwa kwa aunsi, ambayo ni gramu 31.1. Mwaka 1999 aunsi moja ilishuka mpaka kama dola 250, na dola yenyewe hapa kwetu ilikuwa chini ya shilingi 1,000. Ukigawa, gramu ya dhahabu safi mwaka ule haikufika shilingi 10,000. Mwezi Machi 2025 aunsi ilipita dola 3,000, na Oktoba ya mwaka huohuo ikapita 4,000, na gramu moja ikapita shilingi 300,000.

Mfikirieni sasa aliyeolewa mwaka 1999. Anakumbuka bangili yake, tuseme ni kama ile ya gramu 20, ilinunuliwa kwa laki na kitu, maana wakati ule shangazi zake walikwenda dukani kwa furaha na bei ikazungumzwa nyumbani kwa miezi. Leo mtu anamwambia, "Nitakupa milioni mbili." Moyo wake unamwambia kwamba amepata faida mara kumi na zaidi, na anashukuru. Amepoteza zaidi ya nusu ya mali yake naye anatoa shukurani. Hakudanganywa hata neno moja. Alinyimwa habari tu, na kumbukumbu yake mwenyewe ikamaliza kazi. Mimi sioni uhalali wa kunyamaza pale, wala sidhani mzee yeyote wa mskiti wowote katika mji huu angeuona.

Ndiyo maana nataka bei ya siku iandikwe ubaoni, ukutani, kila duka. Maduka ya kubadilisha fedha yanaandika bei ya dola mlangoni, ya kununua upande mmoja na ya kuuza upande wa pili, na hakuna hata moja lililofungwa kwa kuandika. Wekeni na nyinyi bei mbili: ya kuuza na ya kununulia. Najua hizo mbili haziwezi kuwa sawa. Mnalipa kodi ya duka, dhahabu kuukuu hupungua ikiyeyushwa, bei inaweza kuanguka kabla hamjaiuza, na mnahatarisha mtaji wenu. Kato lenu ni halali na mimi nalitetea. Liwe asilimia mnayoona inafaa, ila lisemwe. Na wauzaji nao walijue hili mapema: ujira wa fundi waliolipa siku ya kununua haurudi. Nakshi iliyoongeza bei wakati ule haiongezi kitu kama bangili inakwenda kwenye chungu cha kuyeyushia. Kuna akina mama wanaolaumu sonara kwa jambo hilo bila haki.

Niseme pia juu ya kubadilisha, maana kabla ya harusi na kabla ya Idi ndiyo biashara kubwa. Mtu analeta bangili za zamani, anachagua kidani kipya, anaambiwa, "Ongeza laki sita." Bei ya kuukuu haikutajwa, bei ya mpya haikutajwa, wala karati ya yoyote kati ya hivyo viwili. Wengi wenu na wateja wenu ni Waislamu na mmesoma chuo cha Kurani kama nilivyosoma mimi. Mnajua dhahabu kwa dhahabu haibadilishwi kwa kuzidishiana, na mnajua alichoelekeza Mtume (s.a.w.) katika habari ya tende za Khaybar: kiuze ulichonacho kwa pesa, kisha kwa pesa hizo ununue unachokitaka. Hukumu hiyo inamlinda huyu mama kuliko sheria yoyote niliyoisoma, kwa sababu inalazimisha bei mbili zitamkwe. Nunueni kwanza kuukuu, mpeni pesa mkononi zihesabiwe, kisha muuzieni kipya. Mtu wa dini nyingine naye atafaidika kwa utaratibu huohuo.

Sasa sarafu. Hapa naomba mnivumilie niongee kwa urefu, kwa sababu ndani ya visanduku vya Unguja vimo vitu ambavyo mizani haivielewi.

Inayokuja mara nyingi ni reale, ile ya fedha yenye sura ya malkia mnene wa Austria, Maria Theresa, ambayo wazee waliiita reale ya Sham. Imeandikwa 1780, mwaka aliokufa. Mwenye nayo huamini ana kitu cha karne ya 18, na kuna watu wa mitaani wanaomtia moyo aamini hivyo. Ukweli ni kwamba sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile ya 1780 katika karne ya 19 na ya 20, Vienna na katika miji mingine kama London, Rome na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa huku na wa Bahari ya Sham hawakukubali tarehe nyingine. Kwa hiyo nyingi thamani yake ni fedha yake: gramu 28 kwa jumla, fedha safi gramu 23.4. Mwambieni hivyo kwa upole. Ukweli unaopunguza tumaini la mtu nao ni haki yake, na akiujua hatazunguka mji mzima akiwaita nyote wezi.

Lakini mafurungu ya miguuni na kekee za mikononi zilizofuliwa kutokana na reale hizo ni habari nyingine. Fedha iliyomo haifiki thamani ya kazi ya fundi wa Unguja au wa Oman aliyeitengeneza miaka mia iliyopita. Kuziyeyusha ni hasara kwa muuzaji na kwa mji.

Kisha zipo za kwetu wenyewe. Sultani Sayyid Barghash alipiga sarafu mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882: reale za fedha, na za dhahabu ambazo ni adimu mno, na paisa za shaba. Paisa zile, pamoja na nyingine za mwaka 1304, zina picha ya mizani upande mmoja, vitanga viwili vimekaa sawasawa. Paisa ni nyingi na haitomtajirisha mtu. Lakini reale ya Barghash ikiuzwa kwa uzito wa fedha ni dhuluma ya wazi. Sayyid Ali bin Hamud naye alitoa mwaka 1908 senti 1 na senti 10 za shaba na senti 20 za nikeli, zenye mnazi. Kwenye mizani hazina thamani hata ya kikombe cha kahawa pale Jaws Corner. Kwa wakusanyaji wa sarafu wa London au Dubai ni vitu vya kugombaniwa, hasa ile ya senti 20.

Mwaka 1936 Zanzibar iliingia katika shilingi ya Afrika Mashariki, na shilingi hizo zenye simba mnazijua, hujaa makopo ya biskuti ya mabibi. Zitazameni mwaka. Zile za 1921 hadi 1946 zina fedha robo. Za 1948 hadi 1952 hazina fedha hata chembe. Nimeona kopo zima likinunuliwa kwa bei moja ya chuma chakavu, na mnunuzi akikaa baadaye kuzichambua kwa mwaka. Kama mna muda wa kuzichambua baada ya kununua, mlikuwa nao pia kabla.

Na kuna ya Tabora. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na meli za Kiingereza na hawapati pesa kutoka kwao, walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 katika karakana ya reli Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ina tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Uzito wake ni gramu 7 na kidogo, karati 18. Kwa hesabu yenu ya kila siku ni gramu 5.4 za dhahabu safi. Kwa anayeijua, bei yake ni mara kadhaa ya hiyo. Pauni ya dhahabu ya Kiingereza, gramu 8 kasoro ya karati 22, hiyo mara nyingi hailipwi sana zaidi ya dhahabu yake, na kama ilitiwa kitanzi ili ivaliwe shingoni basi mkusanyaji haitaki. Ndiyo maana nasema sarafu zitazamwe moja moja. Hakuna kanuni moja inayozifunika zote.

Msiwaruhusu pia wateja kuzisugua. Mama wa watu, kwa adabu yake, hataki kuleta kitu kichafu dukani, hukesha akisugua kwa ndimu na majivu mpaka sarafu ing'ae. Ameondoa ngozi yake na thamani yake usiku mmoja. Bandikeni mlangoni: sarafu ya zamani iletwe kama ilivyo.

Kilichofukuliwa ardhini kisinunuliwe kabisa. Mwaka 1984 kule Mtambwe Mkuu, Pemba, wanaakiolojia walikuta zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, ndogo sana, pamoja na chache za dhahabu, za karibu miaka elfu moja iliyopita. Zile za fedha zina majina ya watawala wa pwani hii, kama Ali bin al-Hasan, na maandishi ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili. Watu wetu walikuwa wakitia vina kwenye pesa zao! Uzito wa moja haufiki gramu. Mkulima angezikuta yeye kwanza akazileta kwenu, na mmoja wenu akazitia chunguni, zingetoka fedha za bei ndogo, na habari ya watawala hao ingeyeyuka pamoja nazo. Anayekuja na vitu vya namna hiyo mwelekezeni Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, na mumwambie kwa nini.

Najua mtakachonijibu, maana nimeshajibiwa na baadhi yenu barazani. Mtasema mkimwandikia karatasi atakwenda nayo duka la pili kutafuta bei bora. Ndiyo, atakwenda. Mwacheni aende. Aende na karatasi yenye jina la duka lenu, gramu zenu, karati mliyoipima na bei mliyotoa, na huyo wa pili aisome kabla hajaigusa mali. Akikuta mmepima sawa, atalazimika kuongeza bei au kumrudisha kwenu. Akidai karati ni ndogo kuliko mlivyoandika, mama atajua mara moja kwamba mmoja wenu amekosea, na atamtaka asugue tena jiwe mbele yake. Kwa sasa anazunguka na leso yake bila kitu cha kulinganisha, na kila duka linaanza naye upya kama mtoto.

Kitabu cha risiti chenye mistari mitatu hakigharimu pesa za kuzungumzia. Mzee niliyemtaja amechapisha chake kwa Kiswahili, herufi kubwa, na yuko tayari kuwapa wenzake mfano wauige. Nawaombeni wenye maduka ya Mkunazini muanze nyinyi, kwa kuwa mko karibu karibu na mama akitoka kwa mmoja anaingia kwa mwingine. Kama mtakubali, mimi na baadhi ya akina mama wa mtaa tutapita vikundi vya kuweka na kukopa, kuanzia hapa mjini mpaka Makunduchi na Nungwi, tuwaeleze wanawake mistari hiyo mitatu inasomwaje, ili atakayefika kwenu awe anajua la kuuliza na nyinyi mpumzike na lawama zisizo zenu.

Wasalaam,
Mkaazi wa Mji Mkongwe

Nakala: Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, Taasisi ya Viwango Zanzibar, Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale.